Giaboksi imefunguliwa, mkia wake bado unagonga

Hiace yangu ilitoka gereji hapa Chake Chake na beringi mpya na oili sili mpya (mipira ya kuzuia oili isivuje) za giaboksi. Siku ya pili, kwenye vilima vya njia ya Mkoani, kila nikiondoa mguu kwenye mafuta, chini ya gari panagonga: ko! Fundi akaniambia, "Sheikh, itazoea yenyewe." Mie sikuridhika, maana sili ya nyuma ilishaanza kuvuja, na sili mpya haivuji bure.

Nikazuia matairi ya mbele kwa magogo, nikainua nyuma kwa jeki na stendi, gia nutro. Nikaishika propela, ile shafti ndefu inayozungusha matairi ya nyuma, pale inapoingia kwenye giaboksi. Kuzunguka kidogo huku na huku ni kawaida, meno ya gia lazima yaachiane nafasi. Kuteleza ndani na nje pia kawaida, ndivyo ilivyoundwa. Lakini nilipoisukuma juu na chini, ilicheza. Krosi, vile viungo vya propela, hazikucheza, kwa hiyo nikaziacha.

Nikamwaga oili, nikachomoa propela. Shafti ya giaboksi imetulia. Bushi, ile pete iliyo ndani ya mkia wa giaboksi inayoishika propela isicheze, ndiyo iliyolika upande mmoja. Yaani fundi sili kabadilisha, bushi kaiacha ya zamani!

Bushi mpya niliagiza Unguja, ikaja na boti. Nilipitisha ukucha kwenye shingo ya propela, pale inapokaa ndani ya bushi: laini. Ingekuwa na mfereji, nayo ningeibadilisha. Nikaigonga bushi taratibu, sili nyingine juu yake, oili. Vilima vile vile navishuka kimya, na sakafu ya banda kavu.