Kuushona Ruaha kwa Salfeti

Niliondoka Iringa alfajiri moja ya Novemba nikiwa na furushi la vipande vya vitenge na mabitana, ambavyo fundi cherehani mmoja wa sokoni alinikusanyia kwa wiki tatu badala ya kuvichoma moto. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu, "takataka hizi utazifanyia nini?" Nilimjibu kwamba nataka kuushona Mto Ruaha Mkuu, tangu milimani hadi mahali unapokatika.

Basi lilipita Mafinga na Makambako katika ukungu, likateremkia bonde la Usangu, nami nikashuka Igawa, ambapo barabara kuu inavuka Mto Mbarali. Maji yalikuwa yakitiririka chini ya daraja, na hilo ndilo linaloniuma: Mbarali, Kimani na Chimala, mito inayoulisha Ruaha, huteremka na maji hata kiangazi, lakini tangu mwaka 1993 Ruaha wenyewe umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi ya taifa, viboko wakabaki wamesongamana katika madimbwi ya matope. Maji ya mito hiyo huingia kwanza katika ardhioevu ya Ihefu, na ili yaendelee mbele hulazimika kuvuka mwamba wa Ng'iriama, uliokaa kama ukingo wa beseni; mashamba ya juu yakichukua mengi mno, kina cha Ihefu hushuka chini ya ukingo huo, na ng'ambo ya pili haifiki hata tone. Siwezi kuwatupia wakulima lawama zote, kwa kuwa mpunga wao ndio wali ninaoula mwenyewe.

Kando ya mfereji nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akitengeneza kitalu cha mpunga, naye akanipa salfeti tano za mbolea zilizochakaa. Niliketi kwenye tuta nikaanza kuzifumua. Salfeti iliyopigwa na jua mwaka mzima haichaniki, bali hupukutika: unavuta uzi mmoja, nao unameguka vidoleni kama ganda kavu la kitunguu. Nilikuwa nimenunua uzi mweupe kwa ajili ya mchanga wa mtoni, lakini niliurudisha mkobani, kwani plastiki ile iliyochoka ilikuwa na rangi yenyewe hasa ya mto uliokauka.

Vitenge vya buluu vikawa vijito, vya kijani vikawa mpunga. Ng'iriama niliukunjia upindo wa mikunjo minne, mnene kiasi kwamba shazia ilikaribia kupinda. Upande wa pili wa upindo niliiacha salfeti bila mshono wala pindo.

"Mbona huku hujamaliza, mwanangu?" mama aliuliza.

"Huko ndiko mbugani, mama."

Aliipapasa ile ncha kwa kidole chenye tope, kisha akaugeukia mfereji wake, asiseme neno.

Nilidandia basi la jioni. Tulipofika Uyole, upande usioshonwa ulikuwa umepukutika upana wa vidole viwili, nami nikawa naziokota nyuzi mapajani moja moja, zisije zikapeperukia dirishani.