Negativu ndefu za mzee: wiki ya sita

Nahamishia kwenye kompyuta negativu za mzee, yaani filamu zilizosafishwa ambazo picha huchapwa kutoka kwake. Jana usiku picha ya tatu imekamilika. Zimebaki tisa.

Marehemu mzee wangu alikuwa mpiga picha hapa Dodoma mjini. Miaka ya sabini alijiundia kamera ndefu ya ubao, akaifunga lenzi ya kamera kubwa ya studio. Alitumia mkanda wa kawaida wa 120, filamu pana yenye karatasi nyuma yake, lakini kila picha ina urefu wa karibu sentimeta 17 na upana usiofika 6, kwa hiyo mkanda mmoja ulimpa picha nne tu. Juu ya kila bahasha aliandika kwa penseli: 1, 4, 7, 10. Siku kadhaa nilidhani ni oda za wateja. Kumbe ni namba za karatasi ya nyuma ya mkanda, zile zinazochungulia kwenye kidirisha chekundu cha nyuma ya kamera. Zimepangwa kwa picha za mraba, naye alikuwa akivuta nafasi tatu tatu ili apate picha moja ndefu. Nilipoelewa hilo nilikaa kimya muda mrefu na bahasha mkononi.

Mashine yake ya kukuzia ilikomea sentimeta 6 kwa 9. Hizi ndefu alizichapa kwa kulaza negativu juu ya karatasi, zikatoka kwa ukubwa uleule wa mkanda. Hakuna aliyewahi kuziona zikiwa kubwa, hata yeye mwenyewe.

Halafu mkebe wa biskuti zilimokaa unanuka siki. Hiyo ni asetati, plastiki ya mkanda, inaoza, na joto la chini ya bati huiharakisha. Nimezitoa kwenye mkebe, nikazitia kwenye bahasha za karatasi zinazopitisha hewa. Mbili zimeanza kujikunja kingo.

Skana ya kawaida ya ofisini nilishaijaribu na kuiacha: inamulika kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi, ilhali negativu inataka mwanga unaopenya. Sasa natumia kamera ya dijitali ya megapikseli 24 yenye lenzi ya kupigia vitu vya karibu, imefungwa juu ya meza ikitazama chini kwenye taa bapa ya LED. Kamera haisogei. Kinachosogea ni negativu, ndani ya fremu ya mninga aliyonichongea fundi seremala, yenye mfereji wa milimita 62 ili mkanda upite bila kuyumba. Kuhakikisha kamera imekaa sambamba, naweka kioo kidogo juu ya taa: lenzi ikijiona katikati kabisa, tunaendelea. Picha moja naipiga vipande sita vinavyopandana, kisha naviunga kwa Hugin, programu ya bure. Lazima uiambie kwamba kamera haikuzungushwa, kilichosogea ni picha bapa, la sivyo inapinda kila kitu. Picha iliyounganishwa ina pikseli kama 16,800 kwa 5,600. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, unapata upana wa mita 1.4.

Vumbi ndilo limenila wiki mbili. Kiangazi hiki upepo wa Dodoma hauna huruma, na hewa kavu inaufanya mkanda uvute vumbi kama sumaku. Skana nyingi za kisasa za filamu zina mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa kutambua vumbi, ila kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe haufai kitu, kwa sababu madini ya fedha yaliyobeba picha nayo yanauzuia. Kwa hiyo ni mkono tu. Napiga deki, nafunga madirisha, natundika shuka mbichi mlangoni, nasubiri saa nne usiku upepo utulie. Ndipo napuliza mkanda kwa kipulizio cha mpira, upande mmoja, kisha wa pili.

Kioo cha fremu ya picha nilichokitumia kuukandamiza mkanda nacho kilinitia hasara: upande wa mkanda unaong'aa ulipogusana na kioo yalitokea maduara ya rangi kama mafuta juu ya maji. Nimekiondoa. Fremu ya mninga inatosha.

Kilichonikatisha tamaa zaidi ni anga. Picha ya kwanza ilitoka na mistari mitano ya kiza mbinguni, kila mahali kipande kilipoungana na kingine. Nilibadilisha mipangilio ya programu siku nne bure. Kosa lilikuwa la lenzi: inafifisha mwanga pembeni, na anga tupu haifichi kitu. Dawa yake ni kupiga taa ikiwa tupu, bila mkanda, kisha kugawanya mwanga wa kila kipande kwa ule wa picha hiyo. Mistari ikaisha yote.

Picha ya tatu ni stesheni ya reli. Mwanzoni nilikuwa nimelaza mkanda kwa upande usio sahihi bila kujua, hadi nilipoona kibao cha DODOMA kinasomeka kinyume. Nikageuza, nikarudia vipande vyote sita.

Leo asubuhi nilimwita mama, nikaivuta picha polepole kwenye skrini kutoka kushoto. Alinyamaza hadi tulipofika mwisho wa jukwaa, palipo na wanawake na ndoo zao.

"Rudi, mwanangu. Hapo. Hilo bomba ndilo tulilokuwa tunapanga foleni."

Kwenye karatasi ya mzee, bomba hilo ni nukta.

Ya nne ni mojawapo ya zile zilizojikunja. Naianza leo saa nne usiku.