Mafaili ya Kusagwa

Nilikuwa mchukuzi katika ghala la vifaa chakavu vya kompyuta huko Sunnyvale, California. Kampuni moja ndogo, iliyokuwa ikikarabati mashine za wateja kwa mkataba, ilikuwa inafunga, tukaitwa kuondoa vilivyobaki. Mashine zilishapata wenyewe. Makaratasi yalikuwa ya kusagwa.

Toroli lilipopita kizingiti, faili moja likadondoka na kufunguka. Kwenye kila ukurasa: kwa matumizi ya ndani tu. Ulikuwa mwongozo wa mafundi wa Sun Microsystems, kampuni ya kompyuta, na nyuma yake michoro ya saketi iliyokunjwa kama kanga.

“Kaka, haya tusiyapeleke,” nikamwambia mwenzangu, mtu wa Tanga aliyenitangulia kazini.

“Mdogo wangu, hayo makaratasi. Wewe tafuta shaba.”

Nikamfuata msimamizi wao, nikamwomba. Akasema nichukue yote, mradi mwisho wa siku chumba kiwe kitupu.

Mwongozo anaopewa mteja haufiki mbali: ubao mama ukifa, badilisha ubao. Basi. Lakini Sun, iliyoanzishwa 1982, ilikuwa imeshamezwa na Oracle mwaka 2010, na ubao mpya wa mashine ya 1990 utaupata wapi? Mafaili yale yalionyesha volti ipimwe wapi, na kila ujumbe wa hitilafu unaelekeza kwenye chipu ipi.

Ukurasa nilioupenda kuliko yote ulihusu chipu ya M48T02 iliyomo ndani ya SPARCstation 2, kompyuta ya Sun. Chipu hiyo inatunza saa, mipangilio na utambulisho wa mashine, na betri yake imefungiwa humo humo ndani ya plastiki. Betri ikiisha, baada ya miaka kumi hivi au zaidi kidogo, mashine inasahau anwani yake ya mtandao na namba yake ya utambulisho. Programu ghali za wahandisi zilikuwa zinaiangalia namba hiyo kabla ya kukubali kufunguka. Ikibadilika, leseni haina maana tena. Pembeni mwa ukurasa fundi fulani alikuwa ameandika kwa penseli: usitupe chipu ya zamani kabla hujanakili namba iliyo kwenye kibandiko chake. Kibandiko kina tarakimu sita za mwisho za anwani. Zinazotangulia kwa mashine za Sun zinajulikana, 08:00:20.

Nyumbani nilikuwa na SPARCstation 2 iliyokufa hivyo hivyo. Nikaweka chipu mpya, nikaandika utambulisho baiti kwa baiti. Ziko 16, na ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Ikipishana nazo, mashine inakataa. Ilikubali. Kaka alikuwa amekuja kula wali, akasimama nyuma yangu.

“Sasa inafanya kazi gani?”

“Kwa leo inajua ni saa ngapi.”

Kuskani kulichukua muda mrefu kuliko kutengeneza. Maandishi ya chapa nilifanya kwa nyeusi na nyeupe, lakini hapo penseli ilipotea kabisa, na kwangu penseli ndiyo iliyokuwa mali. Kurasa zenye penseli nikazirudia kwa rangi. Michoro mikubwa niliipiga vipande vipande vinavyopandana kingo. Kulikuwa pia na kurasa za faksi, za ile karatasi inayofifia kwa joto, nyingine hazisomeki hata chembe. Nazo niliziskani hivyo hivyo, tupu, ili mpangilio wa kurasa usirukwe.