Nilivyopiga hesabu za PS kabla ya kufungua kibanda cha gemu Mbagala

Watu wananiuliza sana imekuwaje kibanda changu kinasimama wakati washkaji kibao walifungua, wakakaa kidogo, wakauza mashine wakahamia kwenye bodaboda. Mi nawaambia kabla sijanunua mashine hata moja nilifuatilia kwanza hawa watengenezaji wanakula wapi, maana ukijua jamaa anakula wapi unajua pa kumkwepa.

Cheki PS3, yaani PlayStation ya tatu ya Sony. Imetoka Marekani mwishoni mwa 2006, ile ya GB 60 dola 599, watu wakapiga kelele bei imezidi, kumbe kampuni moja inaitwa iSuppli iliifungua ikahesabu kifaa kimoja kimoja ikakuta gharama ya kuitengeneza ni kama dola 840. Yaani kila ikiuzwa moja Sony anapigwa zaidi ya dola 240, na hapo matangazo na usafiri bado, kisa ile prosesa ya Cell, yaani ubongo wa mashine, na kisomeo cha sidi za Blu-ray ambacho kipindi hicho kilikuwa ghali balaa. Mwezi huohuo Nintendo akaleta mashine yake ya Wii kwa dola 250, ndani vitu vya kawaida tu, na akala faida toka mwanzo. Microsoft ndo kabisa, kwenye kesi ya kampuni ya gemu Epic na Apple mwaka 2021 mtu wao aliulizwa mahakamani kama wanapata faida wakiuza mashine yao ya Xbox, akajibu hawajawahi.

Sasa hela inatoka wapi? Kwenye gemu. Duka lao la mtandaoni kawaida linakata asilimia 30 ya kila gemu linalouzwa, na gemu jipya ni dola 60 mpaka 70, bado ada ya kucheza mtandaoni. Kwa hiyo mashine ni chambo, na mi nikasema sawa, chambo nakula, ndoano nawaachia wenyewe.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kutafuta PS4 za mtumba. Hiyo ilitoka 2013 kwa dola 399, na vifaa vyake vilikadiriwa kama dola 381, kwa hiyo Sony alishajifunza adabu. 2016 ikaja PS4 nyembamba, Slim, kwa dola 299, chipu imepunguzwa ukubwa, inakula umeme kidogo na feni haipigi kelele kama jenereta, na mimi LUKU nalipa mwenyewe kwa hiyo nilikuwa nazitaka Slim tu. Ukifika dukani usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka halafu ukatoa hela, mwambie aweke sidi, cheza mechi nzima, weka mkono nyuma usikie joto linavyotoka, sidi itoe irudishe mara kadhaa. Muuzaji mmoja akanikazania, "Kaka chukua hii ina magemu kumi ndani, sidi za nini tena." Nikamuuliza hiyo akaunti ya nani? Akacheka. Akaunti ya mtu mwingine siku akibadilisha paswedi unabaki na boksi.

Sidi ndo siri yenyewe. Wateja wangu asilimia kubwa wanataka mpira tu, ya mtumba nanunua bei chee, msimu ukiisha naibadilisha kwa kuongeza kidogo, na sidi ikishauzwa mara ya pili Sony hapati hata mia.

Pedi za kuchezea nazo usizichukulie poa. 2021 Sony walisema PS5 ya dola 499 imeacha kuuzwa kwa hasara, ile ya 399 isiyo na sehemu ya sidi hasara yake inazibwa na vitu vingine kama pedi na PS4. Nikajua kumbe pedi nazo wanakula. Madogo wanaua analogi, kile kijiti cha kusogeza mchezaji, vibaya mno, mchezaji anatembea mwenyewe anaenda kona, mpaka wanagombana nani kafungwa kihalali. Pedi original mpya sinunui hovyo, nina fundi anabadilisha analogi tu kwa bei ya mechi chache na maisha yanaendelea.

Mechi jero, ukifungwa unapisha.

Nilitegemea PS5 zikizoeleka zitashuka kama zilivyoshuka za nyuma, wapi, 2025 Ulaya waliongeza bei Aprili na Marekani Agosti, ya sidi ikafika dola 550 mwaka huo, kwa hiyo hata PS4 za mtumba hapa mjini zimegoma kushuka. Juzi dogo mmoja ananiambia, "Bro leta PS5 Pro basi." Nikamwambia ile ilitoka kwa dola 700 na sehemu ya sidi haina, unainunua pembeni, hapo bado kodi ya VAT ya asilimia 18, nikiileta mechi itakuwa buku mbili. Kakaa kimya kidogo, akatoa jero yake, akasema haya niwekee na huyu.