Salfa, klorini na pete mbili za harusi

Desemba 2017 Mtwara mjini pesa ilikuwepo. Korosho ilikuwa imegonga shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na kwetu masonara maharusi walipishana mlangoni. Hawa wa pete mbili walikuja wanne. Bibi harusi alikuwa muuguzi, bwana harusi mkulima wa korosho wa Tandahimba. Mjomba wa bibi harusi alikuwepo pia, maana kwa Wamakonde mjomba asipokaa kwenye jambo, jambo halijakaa. Wa nne alikuwa bibi mzaa mama, aliyefungua pindo la kanga akatoa bangili mbili na mkufu. Alitaka viyeyushwe, zitoke pete mbili za karati 22.

Bangili moja ilikuwa na mhuri wa 18K. Nyingine haikuwa na mhuri wowote, imefifia, na mjomba alikwisha kuisogeza pembeni. Lakini mhuri si kipimo, kwa kuwa mwenye chapa na nyundo anaweza kugonga anachotaka. Kipimo cha kwanza ni maji. Weka glasi yenye maji juu ya mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza bangili kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kitako wala ukingo wa glasi. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa bangili kwa namba hiyo, ujue ni nzito mara ngapi kuliko maji.

Ya mhuri ilikuwa na gramu 10.2, mizani ikasoma 1.20. Jibu ni 8.5, na hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa dhahabu juu. Isiyo na mhuri ilikuwa gramu 12.4, ikasoma 0.80: 15.5, yaani karati 18, maana dhahabu ya njano ya karati hiyo huangukia kati ya 15.2 na 15.9. Dhahabu safi ni 19.3. Kipimo hiki hudanganya kitu kikiwa na uwazi ndani au kikiwa na kito, kwa hiyo hakitoshi peke yake. Zikasuguliwa zote mbili kwenye jiwe jeusi la kupimia, zikadondoshewa asidi ya naitriki. Mchirizi wa shaba ulichemka kijani ukapotea papo hapo. Wa pili haukutikisika. Bibi hakusema kitu, ila bangili ya mhuri aliirudisha kwenye kanga haraka kuliko alivyoitoa.

Mkufu ulikuwa dhahabu kweli, lakini tulimshauri asiuyeyushe. Mkufu una lehemu kwenye kila pingili, na lehemu ina dhahabu pungufu kuliko pingili zenyewe. Ukiuchanganya, karati ya donge zima inashuka. Tena lehemu nyingi za zamani zilitiwa madini ya kadimi, ambayo ikichomwa hutoa moshi wa sumu. Auvae tu.

Mabishano yakahamia kwenye karati. Karati 22 ni sehemu 916 za dhahabu katika 1,000, na rangi yake wazee wa pwani wanaijua hata gizani. Ubaya wake ni ulaini. Pete nyembamba ya karati 22 kwenye mkono unaosukuma vitanda vya wagonjwa itakuwa yai kabla ya mwaka. Kushuka mpaka karati 9, ambayo ni 375 tu katika 1,000, ni kuingia matatizo mengine. Wodini kuna klorini ya asilimia 0.5 ya kutakasia vifaa, nyumbani kuna jiki, na klorini hula shaba na fedha zilizochanganywa kwenye dhahabu ya karati ndogo, ikianzia kwenye maungio ya lehemu. Karati 18 inastahimili pande zote mbili, na bangili ilikuwa hiyo tayari. Haikuhitaji kuongezwa kitu. Kito nacho tulikikataa: chini ya kito uchafu hujificha, na muuguzi hunawa mikono mchana kutwa.

Kazi ya bwana harusi ndiyo ilikuwa ngumu. Ni Mwislamu, dhahabu havai. Mjomba akaja na hoja ya dhahabu nyeupe, kwamba kwa kuwa haing'ai njano basi si ile. Ni ile ile. Dhahabu nyeupe ya karati 18 ina dhahabu 750 katika 1,000 kama ya njano. Weupe unatokana na madini ya paladi au nikeli, na juu mara nyingi hupakwa rodiamu, madini meupe ya kung'aa. Nikeli yenyewe huwasha ngozi za watu wengi. Platinamu ingefaa, lakini inayeyuka kwenye nyuzi 1,768, na moto wetu ulikuwa wa kazi za dhahabu, nyuzi 1,064, na fedha, 962. Zaidi ya hapo, pete ya gramu 7 ya fedha ikitengenezwa kwa platinamu kwa kipimo kile kile inapita gramu 14. Tangsteni, madini magumu mno, haikwaruziki kirahisi, lakini haipanuliwi wala haipunguzwi, na ikidondoka kwenye sakafu ya saruji inaweza kupasuka.

Ikabaki fedha, na fedha ina adui anayejulikana Tandahimba nzima. Mikorosho hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na salfa ikigusa fedha hutengeneza utando mweusi. Maduka huficha jambo hili kwa kupaka rodiamu. Kwenye mkono unaoshika jembe rodiamu huchubuka mabaka mabaka, na mabaka yanaudhi kuliko weusi ulioenea sawasawa. Tulikubaliana fedha 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, nene, bila kupakwa chochote. Unene wa milimita 2 unavumilia kung'arishwa miaka mingi bila pete kuwa wembe.

Vidole tulivipima alasiri, joto likiwa limekwisha kuvijaza. Ukipima asubuhi kuna ubaridi, mchana pete itabana. Urefu wa ukanda unaokunjwa kuwa pete ni kipenyo cha ndani jumlisha unene, mara 3.14: kwa bibi harusi 17 na 1.8, milimita 59; kwa bwana harusi 20 na 2, milimita 69.

Dhahabu iliyeyushwa kwa boraksi kidogo, unga wa kuisafisha inapoyeyuka, ikamiminwa kwenye kalibu ya chuma iliyopashwa moto na kupakwa mafuta. Meza ilifagiwa kwanza, kwani chembe ya risasi ikiingia, dhahabu huvunjika kama biskuti chini ya roli ya kubana ukanda. Kila unene ulipopungua nusu, ukanda ulirudishwa motoni mpaka wekundu hafifu, ukatumbukizwa majini. Fundi mwenye haraka huruka hatua hiyo, na nyufa huanzia kingoni. Lehemu ilikuwa ya karati 18, ili kiungo kisionekane wala kisiwe mlango wa klorini.

Kwa fedha tulipima gramu 9.25 za fedha safi na 0.75 za shaba nyekundu. Fedha iliyoyeyuka hufyonza oksijeni ya hewani na kuitema inapoganda, ikaacha vitundu. Boraksi na kipande cha mkaa juu yake huizuia. Wakati wa lehemu shaba iliyomo huungua chini ya ngozi ya fedha na kuacha doa la zambarau, kwa hiyo pete ilichovywa kwanza kwenye asidi ya boriki na spiriti. Kusafisha ilikuwa maji ya ndimu ya moto, na koleo la shaba. Koleo la chuma ndani ya maji hayo huvisha pete wekundu wa shaba.

Bwana harusi aliambiwa aivue akipulizia salfa, na aivue pia wakati wa kubangua, maana mafuta ya maganda ya korosho yakinaswa chini ya pete huchoma ngozi. Oktoba iliyofuata aliileta nyeusi tii. Bakuli, kipande cha foili ya alumini chini, pete juu yake, magadi soda kijiko kimoja, chumvi kijiko kimoja, maji yanayochemka. Weusi ukahamia kwenye foili. Akauliza kama hayo yote anaweza kuyafanya nyumbani, akaambiwa ndiyo, akanunua foili dukani kwa jirani.