Reli Iliyong'olewa na Mteremko Uliobaki: Kwa Baiskeli Kutoka Myra hadi Penticton

Mtu akisikia habari za kuendesha baiskeli milimani hufikiria mapaja yanayowaka moto na malori yanayompita akiwa amebanwa ukingoni mwa lami. Bonde la Okanagan, katika jimbo la British Columbia magharibi mwa Kanada, lina njia inayomwepusha mwendesha baiskeli na adha zote mbili, na sababu yake ni kwamba aliyeichora hakuifikiria baiskeli hata kidogo, bali treni ya mizigo, ambayo haiwezi kupanda mlima kama mbuzi. Njia hiyo ni tuta la iliyokuwa Reli ya Kettle Valley. Vyuma vyake viliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, likabaki tuta la changarawe lililokwisha kusawazishwa, kuchongwa miambani na kuvushwa juu ya makorongo kwa gharama ambayo leo hakuna serikali ingekubali kuilipa kwa ajili ya watu wa baiskeli.

Nilikwenda huko mwezi Septemba, majira ambayo joto la kiangazi limepungua na theluji haijaanza kuanguka, nikiongozana na rafiki yangu mzaliwa wa Bukavu ambaye ameishi Kelowna muda wa kutosha kuvaa kaptura wakati mimi natafuta koti. Mji wa Kelowna umekaa kando ya Ziwa Okanagan, mita 340 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali njia yenyewe iko kwenye mita 1,270 au karibu na hapo. Tofauti hiyo hatukuipanda kwa nguvu zetu. Tulifunga baiskeli nyuma ya gari, tukafuata barabara ya vumbi ya msituni hadi mahali palipokuwa na stesheni ya Myra, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa wenyeji wengi nao hufanya vivyo hivyo. Tulikuwa na baiskeli za tairi pana kuliko zile za barabarani, tena hazikujazwa upepo mwingi, maana tairi ngumu hurukaruka juu ya kokoto badala ya kuzishika.

Kutoka Myra magari hayaruhusiwi kabisa. Korongo lililo mbele limejipinda karibu nusu duara, kuta zake zimesimama, na chini kabisa maji yanasikika zaidi ya yanavyoonekana. Mhandisi aliyefika hapo na kipimo chake hakuwa na chaguo nyingi: kuteremka hadi chini na kupanda upande wa pili kungeishinda treni, na kulivuka korongo lote kwa daraja moja kulikuwa ndoto. Aliamua kuukumbatia ukuta wa mlima mzunguko mzima bila kupoteza kimo alichokwisha kukipata, akitoboa mwamba ulipomzuia na kutupa daraja kila kijito kilipokata ukuta. Matokeo yake ni madaraja 18 na mahandaki 2 katika kipande cha kilomita 12 hivi. Ukiwa juu ya daraja moja unaliona jingine ng'ambo ya korongo, jembamba kana kwamba limejengwa kwa njiti, na inakuchukua muda kuamini kwamba utalipita wewe mwenyewe baada ya nusu saa bila kupanda wala kushuka.

Mhandisi huyo alikuwa Andrew McCulloch, aliyekabidhiwa kazi mwaka 1910. Madini ya fedha yalikuwa yamegunduliwa mashariki zaidi, katika eneo la Kootenay, na reli za Wamarekani zilikuwa zimekwisha kuingia na kuyachota kuelekea kusini. Kanada ikataka reli yake ya kuufikisha utajiri huo kwenye Bahari ya Pasifiki. Shida ilikuwa kwamba safu za milima ya upande ule zimelala kutoka kaskazini hadi kusini, na reli ilitakiwa kwenda kutoka mashariki hadi magharibi, kwa hiyo ilibidi izikate zote, moja baada ya nyingine. Msomaji anayeifahamu reli ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu, iliyohitaji madaraja marefu 27 kuteremka kutoka Mau, ataelewa ni kazi ya namna gani. Treni za kwanza za abiria zilipita mwaka 1915. McCulloch alikuwa mpenzi wa Shakespeare, na katika bonde la Coquihalla, mwisho wa magharibi wa reli, stesheni ziliitwa Othello, Iago, Romeo, Juliet, Lear, Jessica na Portia. Jessica na Portia mimi nilikutana nao kwanza kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na sikutarajia kuwakuta tena katika orodha ya stesheni za Kanada.

Madaraja mengi ya Myra ni ya mbao: magogo yaliyosimamishwa kwa safu, yakafungwa kwa mihimili ya mshazari, ngazi juu ya ngazi, hadi kufikia usawa wa njia. Mbao zilitumika kwa sababu msitu ulikuwa palepale, na chuma kilipaswa kusafirishwa kutoka mbali. Mawili tu ndiyo ya chuma, na refu kuliko yote, daraja namba 6, lina urefu wa mita 220 na kimo cha mita 55 hivi. Nilisimama katikati yake nikachungulia chini, nikaona ni busara kuendelea. Baada ya treni kukoma, waliopita huku walikuwa wakirukia taruma moja hadi jingine huku pengo likiwaonyesha bonde lote chini ya miguu. Katika miaka ya 1990 watu wa kujitolea walitandika mbao za kukanyagia na kuweka vizuizi vya kushikia pembeni, na ndipo familia zenye watoto zikaanza kuja.

Kisha ukaja moto. Mwezi Agosti 2003 radi ilipiga katika mlima ulio kusini mwa Kelowna, wakati wa ukame mkubwa, na moto ukateketeza zaidi ya hekta 25,000 za msitu pamoja na nyumba zaidi ya 200. Ulipofika Myra uliteketeza madaraja 12 kati ya 16 ya mbao, na yale ya chuma yakaharibika. Palikuwa na kila sababu ya kuyaacha, kwani treni ya mwisho ilikuwa imepita korongoni miaka 30 kabla. Hata hivyo yalijengwa upya kwa mbao kwa kufuata umbo la asili, na njia ikafunguliwa tena mwaka 2008. Mbao mpya zina rangi nyepesi kuliko zile zilizonusurika, na pande zote miti iliyoungua bado imesimama mieusi katikati ya misonobari michanga. Sikupendezwa na mandhari hiyo mwanzoni. Lakini ni lazima ikubalike kwamba msitu ulioungua umefungua macho ya msafiri, kwa kuwa sasa ziwa linaonekana kutoka sehemu ambazo zamani zilizibwa na majani.

Baada ya Ruth, stesheni iliyopewa jina la binti yake McCulloch, njia hupoteza uzuri kwa muda. Kuelekea Ziwa Chute kuna mchanga laini, mashimo ya mawimbi na madimbwi, na hapa pikipiki za magurudumu manne hupita, kwa hiyo sifa ya kutokuwa na vyombo vya moto haikamiliki. Tulisukuma baiskeli kila mchanga ulipomeza tairi. Anayetafuta raha tupu na aishie Myra, ageuze, arudi alikotoka.

Raha iliturudia Ziwa Chute. Kutoka hapo hadi Penticton ni kilomita 40 na ushei, na njia inashuka kutoka karibu mita 1,190 hadi usawa wa Ziwa Okanagan. Mwinuko wa juu kabisa uliokubaliwa kwenye reli hii ulikuwa asilimia 2.2, yaani mita 2.2 kwa kila mita 100 za mwendo, na ukipiga hesabu utaona kwamba McCulloch aliutumia karibu wote. Ndiyo maana njia inazunguka huku na huku juu ya mlima ambao mtu wa miguu angeuteremka kwa muda mfupi. Kwa baiskeli mteremko huo ni wa ajabu: hauhitaji kukanyaga pedali, wala hauhitaji kung'ang'ania breki. "Kaka, hapa hata babu yangu angefika," alisema mwenzangu, na alikuwa na haki.

Katika sehemu hiyo tulisimama kutazama matanuri ya mawe yaliyojengwa na vibarua wa reli. Yamefunikwa kwa udongo, na mlango ni mdogo kiasi cha kupitisha mkate na koleo. Moto uliwashwa ndani hadi mawe yakashika joto, makaa yakakokolewa nje, kisha mikate ikaingizwa na mlango ukazibwa. Madaraja yamejengwa upya, lakini matanuri haya ni kazi ya mikono ileile ya mwanzo.

Juu kidogo ya Naramata tulipita katika handaki fupi, na tulipotoka ziwa lote lilikuwa chini yetu, na Penticton kwa mbali upande wa kusini. Tangu hapo misonobari inapungua na mashamba ya zabibu yanaanza, mpaka njia inakatiza kati ya mistari ya mizabibu. Kurudi Kelowna tulipanda gari kupitia barabara kuu namba 97, ng'ambo ya ziwa. Ni mwendo wa saa moja hivi, wenye malori mbele na nyuma, na sikumwona mtu hata mmoja wa baiskeli.