Sipiyu yangu ya mezani: kwa nini ilikuwa inazimika usiku tu

Sipiyu yangu, yaani boksi lenyewe la kompyuta, imetimiza muda wa saa sita na dakika arobaini ikifanya kazi nzito bila kuzimika. Naandika huku feni yake bado naisikia, kabla sijasahau mfuatano wa mambo, maana wiki mbili zilizopita nilikuwa nimeshakata shauri kuiuza kwa bei ya vipuri.

Mashine ni OptiPlex 7010, ile ndogo ya kulala, prosesa ya i5-3470, pawasaplai ya wati 240. Niliipata ikiwa imeshatumika ofisini miaka kadhaa. Kazi yake kwangu ni moja, sauti. Narekodi kwaya yetu hapa Nyegezi, Mwanza, na mwaka huu nimeanza kurekodi wazee wakisimulia hadithi za Kisukuma. Nazisafisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kisha nazigeuza kuwa faili ndogo ili wajukuu zao wazisikilize kwenye simu. Hadithi moja ina saa nzima, na ninazo zaidi ya arobaini.

Njia panda niliifikia tarehe 14 Oktoba 2025, muda wa Microsoft kuihudumia Windows 10 ulipoisha. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Yangu ni kizazi cha tatu, TPM yake 1.2. Najua kuna watu wanailazimisha ikaingia, lakini mashine inayobeba sauti za wazee ambao wengine hatutawapata tena siilazimishi kitu. Kwa hiyo ama niweke SSD (diski ya kasi isiyozunguka), niongeze RAM (kumbukumbu ya kazi) na kuhamia Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), jumla kama laki moja, ama nitafute mashine nyingine ya kizazi cha nane, ambayo mjini nilikuwa naulizia na kuambiwa laki tano kwenda juu.

Nikachagua laki moja. SSD ya GB 240, kipande kimoja cha RAM cha GB 8 juu ya kile cha GB 4 kilichokuwemo, Mint 22. Sielezi namna ya kuweka, wengi mnajua. Ila jambo moja: kwenye bodi hii si matundu yote ya SATA, ya kuchomekea diski, yana kasi sawa. Chipu ya bodi, Q77, ina mawili ya gigabiti 6 kwa sekunde, mengine ni ya gigabiti 3. Angalia maandishi kwenye bodi kabla hujachomeka, usifuate waya unakofika kwa urahisi. Baada ya hapo ilikuwa inawaka kwa sekunde 19. Kabla yake nilikuwa naiwasha, naenda kuchemsha chai, narudi bado inazunguka.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi.

Jumatatu ya tarehe 17 Novemba, saa mbili usiku, nikiwa nageuza faili, ikazimika. Hakukuwa na ujumbe wowote kwenye kioo, hata mlio sikusikia. Nikaiwasha, ikadumu dakika kumi na mbili, ikazimika tena. Nikalaumu umeme, nikaihamishia kwenye UPS, betri ya kushikilia umeme. Kesho yake asubuhi nikarudia kazi ileile, faili zilezile: ikamaliza zote, haikutikisika. Usiku, dakika kumi na tano, giza kwenye kioo.

Sijui kama mnaelewa hali hiyo inavyomla mtu. Kitu kilichokufa kabisa unakikubali, unakizika. Hiki kilikuwa kizima mchana na mgonjwa usiku, na kila nilipompelekea mtu ushahidi, ushahidi unagoma kuonekana. Nilipanda nayo daladala mpaka mjini kwa fundi mmoja. Ikafanya kazi pale mezani kwake saa mbili mfululizo. Akaniambia, "Kaka, hiyo madabodi inakufa taratibu, usiitilie hela tena." Hakuifungua. Niliumia, maana hukumu ya namna hiyo ndiyo inayotupa mashine nzima jalalani.

Nyumbani nikaanza kuondoa mtuhumiwa mmoja mmoja. RAM: programu ya kuipima, Memtest86+, usiku kucha, makosa sifuri. (Hapo ndipo ningeshtuka. Usiku kucha ikawaka bila kuzimika, nami nikafurahia sifuri tu, sikujiuliza kwa nini haikuzimika.) Nikatoa kipande kipya, nikabaki na GB 4 za zamani: ikazimika. Nikaazima pawasaplai ya mashine kama yangu kwa jirani: ikazimika. Nikarudisha hadidiski ya zamani yenye Windows: haikuzimika. Basi nikaona SSD ndiyo mbaya. Nikaiweka kwenye mashine ya jirani siku mbili, ikafanya kazi kama kawaida.

Katikati ya hayo shemeji yangu wa Sengerema akapiga simu, anauza kompyuta yake ya kizazi cha nane. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari ile si ya kupanga tena. Zamani ungesubiri kivuko, ukirudi ni jioni. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, saa saba mchana nilishakaa mbele ya mashine yake. "Shem, chukua, utanilipa kidogo kidogo," akasema. Mashine safi, imetunzwa. Nikaomba nipewe wiki moja. Hela nilikuwa nayo nusu, kilichonishika ni kwamba sikuwa tayari kuondoka bila kujua kwa nini ile yangu inazimika.

Jibu lilianzia kwenye daftari. Huwa naandika kila kipindi cha kurekodi na saa yake, na safari hii nilikuwa nimeongeza alama ya kila ilipozimika: tarehe 17, 18, 19, 21, 22. Mke wangu ndiye aliyezitazama zile tarehe akasema, "Hizo si siku za giza?" Yeye amekulia kwenye dagaa. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao siku ambazo mwezi haupo, na mwezi ulikuwa umeandama tarehe 20. Siku hizohizo ndipo wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kwa wingi, unawaona juu ya maji kama moshi, kisha upepo unawaleta majumbani kwenye taa. Tunafunga madirisha yote. Chumba changu kikishafungwa kinakuwa tanuri. Taa ya mezani niliiweka wapi? Pembeni ya sipiyu, sentimita ishirini kutoka kwenye matundu ya mbele ambako feni inavutia hewa.

Nikafungua. Kwa macho, ndani ni safi, kwa sababu mwezi wa Agosti nilikuwa nimepuliza kwa blowa. Nikaondoa mfuniko mweusi wa plastiki unaoielekeza hewa, nikaitenganisha feni na hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa. Kati yao kulikuwa na blanketi. Unene wa kidole, rangi ya majivu, limeshonana: vumbi chini, juu yake maelfu ya wadudu wakavu. Nililivua zima kwa vidole viwili, nikaliweka kwenye sahani, nikaita nyumba nzima waje kuona.

Na hapa niseme kuhusu blowa, maana nimebadilika kabisa. Blowa ikipuliziwa kwa nje inasukuma uchafu na kuushindilia kwenye mapezi. Inafaa baada ya kuvua feni, si kabla. Chombo cha kweli ni mswaki mkavu wenye nywele laini na bisibisi ya kukuruhusu kufika. Mswaki wa shilingi elfu moja umenifanyia ambacho mashine ya elfu hamsini haikufanya. Ile dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyokuwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa. Niliifuta kwa spiriti na kitambaa cha pamba, nikapaka mpya, tone moja la ukubwa wa punje ya mchele katikati. Wanaopaka nene kama siagi kwenye mkate wanaharibu.

Namba zangu, kazi ileile ya faili nne kwa pamoja, madirisha yamefungwa. Kabla: nyuzi 101 ndani ya dakika tisa, halafu giza. Kikomo cha prosesa hii ni 105, ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe, na ikizidi mno inakata. Baada: 64, na haikupanda.

Kilichobaki kunisumbua ni hadidiski. Kwa nini kwa diski ya zamani haikuzimika? Jibu lilinijia nikiwa naoga. Kwa diski ile nilikuwa nageuza faili moja moja, kwa sababu mbili kwa pamoja zilikuwa zinaikaba, na prosesa muda mwingi ilikuwa inasubiri diski. Baada ya SSD nikaanza kugeuza nne kwa pamoja, kila kiini cha prosesa na yake. Prosesa ilifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa mara ya kwanza tangu niipate. Na usiku wa Memtest86+ ni kiini kimoja tu kilichokuwa kinafanya kazi, maana ndivyo nilivyokuwa nimekipanga. Blanketi lilikuwepo muda wote, na SSD ndiyo iliyolifichua. Kama ningekwenda na maneno ya "madabodi inakufa", ningenunua mashine ya shemeji, ningeiweka palepale chini ya taa ileile, na baada ya mwaka ningeanza upya.

Nimempigia shemeji, nimemshukuru, nimemwambia aiuze. Hakukasirika.

Mpango ulikuwa hatua inayofuata niweke i7-3770, inaingia kwenye soketi hii na wati ni zilezile 77. Nimeiacha kwa sasa, kwa sababu tangu Jumapili nimeshikwa na jambo jingine: chujio la mbele. Tulikuwa na chandarua kilichochanika. Nikakata kipande, nikakibandika juu ya matundu kwa gundi ya karatasi. Tabaka moja: joto limepanda nyuzi 2, lakini nikilinyoosha sana matundu yanapanuka na mdudu mwembamba anapita. Matabaka mawili yaliyopishana: nyuzi 5, yaani 69, na nilipomwaga wadudu wakavu juu yake hakupita hata mmoja. Soksi ya nailoni: nyuzi 11, nimeitupa. Taa nimeihamishia upande wa pili wa chumba, karibu na mlango.

Mwezi unaandama tena tarehe 20 Desemba. Nimekata vipande vitatu vya chandarua vya matabaka mawili, vyote kipimo kimoja, niweze kubadilisha kila usiku na kuhesabu walionaswa. Mzee wa Igoma nimemwahidi hadithi zake zitakuwa tayari kabla ya Krismasi, na faili zake sita za kwanza zimeisha wakati naandika aya hii.